Pua na kifua ni njia moja

Tangu mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa mvua haiko, na hapa Manika vumbi inatuamusha asubuhi. Mutu anapiga chafya kumi-kumi, macho inawasha, pua inatoka maji. Anasema ni baridi ya kiangazi tu. Usiku kifua kinalia sawa filimbi, hapo anasema ni asima. Wengi wako na yote mbili, lakini wanatunza kifua na kuacha pua.

Waganga wanafundisha kwamba pua na mapafu ni njia moja. Pua ikiziba, tunapumua kwa kinywa, vumbi inaingia bila kuchujwa. Mafua ya aleji ikikosa dawa, asima nayo haitulii.

Unga ya maua ya majani na moshi ya pori vinaleta shida, lakini kwetu kuko na kobalti pia: vumbi yake inaweza kuleta asima ya kazi. Mwaka 2018 watafiti wa Universite ya Lubumbashi na ya Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba wakaaji wa Kasulo, zaidi watoto, walikuwa na kobalti nyingi mu mikojo. Basi, kama kifua kinabana siku za kazi na kinapunguka siku za konje, andika tarehe, umuonyeshe munganga.

Pompi ya salbutamol inafungua kifua kwa saa chache tu. Ukiihitaji kila siku, njo alama asima haijashikwa vizuri. Uliza munganga pompi ya kuzuia, ile ya beklometazoni: unavuta kila siku hata ukijisikia muzima, kisha unasukutua kinywa. Pua, ioshe na maji ya chumvi, yaliyochemka na kupoa. Vidonge vya klorfenamini vinaleta usingizi: mwenye kuendesha kamyo ao mashini asivimeze mbele ya kazi, aulize loratadini. Na deksametazoni ya kununua njiani kila mara inapandisha sukari na tansio.

Kwa mama wa nyumba: nguo za kazi zibaki inje, mbabula pia, pangusa na kitambaa cha maji pahali pa kufagia kavu.

Mutu akishindwa kumaliza sentensi, ao midomo ikigeuka bluu, akae wima, avute pompi, mumupeleke hospitali saa ile ile.

Wandugu wengi wanaficha asima kwa kuogopa kupoteza kazi. Lakini asima ya kazi, ukikawia mu vumbi, inakuwa nguvu kupona. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamulazimisha mwajiri kutunza mufanyakazi na jamaa yake wakigonjwa. Kamata karatasi ya munganga, upitie kwa delege wa sendika, muombe pamoja maski yenye kufaa na kubadilishwa pahali pa kazi. Mushahara unarudi kila mwezi, mapafu hairudi.