Maharagwe Yakigeuka Manjano Baada ya Mvua, Tazama Mizizi Kwanza

Mvua ya masika inaponyesha mfululizo, maharagwe katika mashamba mengi ya Migori na Homa Bay hugeuka manjano. Wakulima wengi hudhani mimea imekosa mbolea, wakatumia pesa kununua ya kukuzia. Mara nyingi tatizo huwa mizizini, na fedha hizo hupotea bure.

Kwa nini majani hugeuka manjano?

Mizizi huhitaji hewa. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Bonde la Lambwe, hushika maji kwa siku nyingi. Maji yakijaa, mizizi hukosa oksijeni. Vinundu vya mizizi, ambamo bakteria huutengenezea mmea naitrojeni, navyo huacha kufanya kazi.

Mizizi ikidhoofika, vimelea vya Pythium na Fusarium huishambulia. Pythium huenea kwa urahisi zaidi kwenye udongo uliojaa maji. Ugonjwa huu wa kuoza mizizi uliharibu sana maharagwe magharibi mwa Kenya miaka ya 1990.

Jinsi ya kupima shambani

Chimbua mimea mitano kutoka sehemu tofauti za shamba, bila kukata mizizi. Pasua vinundu kwa ukucha.

• Mizizi myeupe na vinundu vyekundu ndani: mizizi ni mizima, tafuta chanzo kingine.
• Mizizi ya kahawia au yenye wekundu, laini, inayobanduka ganda: imeoza. Hakuna mbolea itakayoirudisha.

Hatua za kuchukua

• Chimba mitaro ya kutoa maji, na msimu ujao panda juu ya matuta.
• Usipalilie shamba likiwa na majimaji. Likikauka kiasi, inua udongo kwenye mashina ya mimea iliyosalia ili iote mizizi mipya.
• Ng'oa mimea iliyooza na uichome. Usiitie kwenye mboji.
• Badilisha mimea: panda mahindi au mtama kabla ya kurudia maharagwe.
• Tumia mbegu iliyoidhinishwa. Aina za KK8 na KK15, zilizotolewa na watafiti wa Kakamega, hustahimili kuoza kwa mizizi.

Njugu karanga na ndengu pia hudhurika na maji yanayotuama, hivyo zisipandwe mabondeni yanakokusanyika.

Kabla ya kununua mbolea au dawa, wakulima wanashauriwa kumpelekea afisa wa kilimo wa wadi mimea iliyochimbuliwa pamoja na mizizi yake.