Nasi Akikufokea Kliniki, Mtoi Ndiye Hukosa Chanjo

Hii stori unaijua. Mathe ametoka keja asubuhi, mtoi mgongoni, ameacha kibarua ya siku nzima. Amekalia benchi tangu saa mbili. Akifika mbele, nasi anafungua kale kabuku ka kliniki, anaona tarehe ilipita wiki tatu zilizopita, anamtolea sauti mbele ya watu wote: "Wewe ni mama wa aina gani?" Mtoi anadungwa, sawa. Lakini miezi tisa ikifika, huyo mathe harudi. Na ya miezi tisa ndiyo ya surua.

Hapo ndio noma iko. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Kuizuia mtaani, inabidi watoi kama 95 kwa kila 100 wapate dozi zote mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo rahisi kusahau, juu mtoi tayari anatembea na kliniki ilishatoka kwa akili.

Utaskia wasee wakisema watu hawachanji juu ya udaku wa WhatsApp. Iko, hatukatai. 2014 maaskofu wa Kikatoliki hapa Kenya walidai chanjo ya pepopunda imewekwa kitu cha kuzuia wanawake kushika mimba. Serikali na WHO wakakana, lakini hiyo stori bado inazunguka mtaani. Ila mathe mwingi hajakataa chanjo. Ako na swali moja tu, na kila akijaribu kuuliza anaangaliwa kama mjinga.

Kudunga ni kitu moja, kubonga ni kingine, na hii ya pili pia inafunzwa. Kwa mafunzo ya aina hii hawakai tu kuangalia ubao. Wanaigiza: mmoja anakuwa nasi, mwingine anakuwa mzazi mwenye wasiwasi, halafu wenzao wanasema wapi ameharibu.

Kitu ya kwanza ni kuanza bila kusitasita. "Leo mtoto ni wiki sita, anapata sindano mbili na matone ya mdomo." Ukianza na "Unataka tumchanje ama?" ushampa mzazi shaka ambayo hakuwa nayo.

Ya pili ndio ngumu: mzazi akisita, usibishane. Ukimwaga takwimu kama mvua, yeye anazidi kukaza. Muulize. Iko hivi:

"Naona kuna kitu inakusumbua, mama."

"Wa kwanza alidungwa akachemka usiku mzima, sista. Niliogopa sana."

"Hata mimi ningeogopa. Ulifanya vizuri kukaa macho. Naweza kukuelezea ile joto hutoka wapi?"

Ona vile ameomba ruhusa kwanza. Kule Quebec, Kanada, Daktari Arnaud Gagneur na wenzake walijaribu maongezi kama hayo na wazazi wodini, mtoto akiwa ametoka tu kuzaliwa. Watoi wao walikuja kuchanjwa zaidi kuliko wale ambao wazazi wao hawakubongeshwa.

Kabla mzazi atoke, kuna vitu nne lazima aambiwe: chanjo ya leo inazuia nini, nini inaweza kutokea usiku, arudi lini, na asipoteze kabuku. Chukua ile sindano ya magonjwa matano. Inakinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina B na Hib. Kuvimba kidogo na joto ni kawaida. Ama ile ya BCG ya mkononi: wiki chache baadaye inatoa kidonda, hata usaha. Usipoambiwa mapema utadhani mtoi ameharibiwa. Haikamuliwi, haipakwi kitu, inapona yenyewe na kuacha alama. Angalia mkono wako, pengine unayo.

Tuseme ukweli pia, nasi si adui. Ukiwa peke yako na foleni imetoka mpaka kwa gate, na bado kuna kitabu cha kujaza, hata wewe ungefoka. Mafunzo ya siku mbili kwa hoteli, na chai ya saa nne, hayatasaidia kama Jumatatu anarudi kwa foleni ile ile na hakuna mtu wa kumwangalia akifanya. Na wahudumu wa afya ya jamii, wale karibu 100,000 walipewa mikoba 2023, wanafaa kufunzwa hii kubonga pia, juu wao ndio hugonga mlango wako.

Kwa sasa, kama una mtoi, nenda na swali lako na uliulize. Buda wa mtoi naye aende, benchi haijaandikwa ya wamama. Na kama tarehe ilipita, usijifiche: dozi zilizopita hazirudiwi, mnaendelea pale mliachia. Ila chanjo zingine zina umri wa mwisho, kama ile ya matone ya rota, so enda wiki hii.