Bei ya mwani yaamuliwa na mwenye kamba

Mfanyabiashara anayefika Paje au Jambiani, mashariki ya Unguja, wakati wa maji ya bamvua huwakuta akina mama wameinama katika maji ya magotini, kila mmoja na kamba zake. Wengi hudhani kuwa hesabu ya biashara ya mwani inaanzia kwenye wingi wa mavuno. Kwa mtu anayetafuta mahali pa kuweka mtaji, swali la kwanza ni jingine: kamba zile ni za nani?

Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Leo zao hilo ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha za kigeni Visiwani, likitajwa baada ya utalii na karafuu. Wakulima wake wanazidi 20,000, na takriban wanane kati ya kila kumi ni wanawake. Sehemu kubwa ya mwani hutoka Pemba. Karibu wote husafirishwa nje ukiwa mkavu, kwenda kwenye viwanda vinavyotoa ndani yake karajinani, yaani ute wa kugandishia vitu kama aiskrimu, dawa ya meno na nyama za kusindika.

Ziko aina mbili sokoni, spinosamu na kotonii. Kotonii hutoa ute unaoganda vizuri zaidi, na bei yake kwa kawaida huwa mara mbili ya spinosamu au zaidi. Shida ni kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi. Maji hayo huchemka kwa jua, hasa miezi ya kaskazi, mmea hupauka, huoza na kukatika. Kwa hiyo akina mama wengi wamebakiwa na spinosamu, ile ya bei ya chini.

Karafuu hununuliwa na shirika la serikali, ZSTC. Mwani uko katika soko huria, lakini uhuru huo ni wa kiasi. Tangu mwanzo utaratibu umekuwa huu: mnunuzi huleta kamba na vile vikamba vidogo vya kufungia miche, viitwavyo taitai, mkulima hutoa nguvu zake na kuahidi kumuuzia mnunuzi huyo peke yake. Utaratibu huo haufai kubezwa, kwani ndio uliowawezesha wanawake wasio na senti moja kuingia katika biashara ya kimataifa bila kuweka rehani hata mnazi mmoja. Lakini siku ya mizani, mwenye kamba ndiye anayetaja bei, na mkulima hana pengine pa kupeleka mzigo.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme mama ana kamba 200, na kila kamba imetoa kilo 6 za mwani mbichi baada ya wiki sita hivi. Hizo ni kilo 1,200. Mwani hupoteza uzito mwingi juani. Kilo moja kavu huhitaji kilo saba hadi kumi mbichi. Tukichukua nane, anabaki na kilo 150. Tuseme tena bei ni shilingi 700 kwa kilo: anapata shilingi 105,000. Hapo bado hajatenga mbegu ya kupandia upya, hajamlipa wa kumbebea mzigo kutoka ufukweni, na wiki mbili kati ya hizo sita huenda mvua ilinyesha. Mnunuzi akikata asilimia 10 kwa sababu ya mchanga na unyevu, zimeondoka shilingi 10,500 nyingine.

Makato hayo ndiyo sehemu ambayo mtaji mdogo unaweza kuleta faida ya haraka, ingawa haivutii macho. Mwani mwingi bado huanikwa chini, juu ya mchanga au majani ya mnazi. Ukianikwa juu ya chanja huingiwa na upepo pande zote, hauchanganyiki na mchanga, na mvua ikitisha hukusanywa na kufunikwa upesi. Mvua ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani: maji baridi huosha chumvi na kuharibu mwani ambao tayari umekaribia kukauka. Ukikauka sawasawa na kuwekwa penye paa zuma, huweza kukaa ghalani kwa miezi mingi. Asiye na ghala huuza wiki ile ile, kwa bei ile ile atakayoikuta.

Njia inayosifiwa zaidi ni ya kusindika. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara wa mwani Zanzibar, na mtafiti Dakta Flower Msuya amekuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Vikundi vya akina mama, kama kile cha Kidoti, kaskazini ya Unguja, vilijifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni yenye viungo. Wengine huuza unga wa mwani, jemu, juisi na kachumbari. Kilo moja ikishageuzwa sabuni huleta fedha ambazo mizani ya mnunuzi haiwezi kuzifikia.

Hata hivyo, anayetaka kuingiza fedha huko azingatie mambo mawili. Sabuni kumi za kila wiki hazimalizi tani za mwani. Kazi hiyo huinua kipato cha kikundi, lakini haimwondoi mnunuzi wa jumla sokoni. Tena wateja wake wakubwa ni watalii. Mwaka 2020, ndege za watalii ziliposimama kwa sababu ya ugonjwa wa korona, sabuni zilikosa wa kuzinunua. Kikundi ambacho hakina wateja wa mjini, wala Dar es Salaam, kinategemea hoteli kama mkulima anavyomtegemea mnunuzi mmoja.

Njia ya tatu ni kurudisha kotonii kwa kuipeleka kwenye kina kirefu, ambako maji hayapati joto kali. Vimejaribiwa vyavu vyenye umbo la bomba, ambamo miche huwekwa badala ya kufungwa kwa taitai, ili mawimbi yasiikate. Bei ni nzuri, lakini kilimo hicho kinataka boti, na wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Serikali ya awamu ya nane, iliyoingia madarakani mwaka 2020 na sera yake ya uchumi wa buluu, imegawa boti kwa wakulima. Pale ambapo boti ipo na mafunzo ya kuogelea yametolewa, kotonii inastahili kuangaliwa upya. Pale ambapo boti ni ya mume au ya mnunuzi, faida itafuata boti.

Ndiyo maana kwa kikundi chenye akiba ndogo, iwe ya Vikoba au Saccos, kununua kamba na taitai zao wenyewe, kisha chanja, kunatangulia mashine ya kusagia. Shamba ni bahari na mbegu hukatwa kwenye mwani uliopo. Kamba ndiyo gharama kubwa ya fedha taslimu. Baada ya hapo wauze kwa pamoja. Msafirishaji hujaza kontena, na hana haja ya kubishana na mtu mwenye kilo 150, ila mwenye tani kadhaa zilizokauka vizuri ghalani humfuata mwenyewe.

Kabla ya kutoa fedha, mwekezaji aombe kuonyeshwa mkataba wa kikundi na mnunuzi, kama upo, na asome kifungu cha kamba: ni za mkopo au za kuazima, na zikichakaa nani analipa. Mara nyingi mkataba ni wa mdomo tu. Hapo aulize akina mama watatu, kila mmoja peke yake, na alinganishe majibu.