Kigali hadi Dar kwa reli: kipande cha Isaka bado kinatukwamisha

KIGALI – Mfanyabiashara wa Nyarugenge anayekwenda Kariakoo kufuata vitenge amezoea njia mbili. Ya kwanza ni ndege: kwa safari ya moja kwa moja, chini ya saa mbili ameshatua Dar es Salaam, lakini nauli imekula faida ya mabunda kadhaa kabla hajagusa hata kitenge kimoja. Ya pili ni basi la kutoka Nyabugogo, linalovuka Rusumo na kukata zaidi ya kilomita 1,400. Ukishuka miguu imevimba, na siku ya kwanza sokoni inaishia usingizini.

Tangu katikati ya 2024 kuna njia ya tatu, ingawa sehemu yake kubwa bado ni basi. Treni za umeme za Shirika la Reli Tanzania (TRC) zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni mwaka huo, zikafika Dodoma mwezi uliofuata. Msafiri wa Kigali anaweza kuliacha basi Dodoma na kumaliza kilomita 460 hivi zilizobaki kwa treni, kwa muda wa saa nne au pungufu. Nauli ya kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000 za Tanzania. Tena stesheni ya Dar iko karibu na Kariakoo, wakati uwanja wa ndege uko mbali na maduka. Ila kumbuka kuwa saa ya Tanzania iko mbele ya yetu kwa saa moja: usipoirekebisha ukivuka Rusumo, utakuta treni imeondoka.

Wanaotetea treni kwa ajili ya mazingira wana hoja. Ndege huchoma mafuta mengi zaidi inapopaa, hivyo safari fupi za anga ndizo zenye moshi mwingi kwa kila kilomita. Treni ya Dodoma hutumia umeme, na gridi ya Tanzania sasa inalishwa pia na bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Lakini tuseme ukweli: mchuuzi wa Kimironko hapandi ndege mara nyingi. Wanaopaa ni maofisa na wafanyabiashara wakubwa, na hao hawataacha ndege kwa ajili ya kipande cha Dodoma.

Wataiacha reli ikifika hapa. Mwaka 2018 Rwanda na Tanzania zilikubaliana kujenga reli ya Isaka–Kigali, zaidi ya kilomita 500. Upande wa Tanzania kazi ilishagawanywa vipande: Makutupora–Tabora kilomita 368, Tabora–Isaka 165, Isaka–Mwanza 341. Upande wetu, mitambo inayoonekana ikichimba iko Bugesera, kwenye uwanja mpya wa ndege.

Ndiyo maana swali la kuwauliza viongozi wetu si kama treni ni safi kuliko ndege. Waulizwe fedha za Isaka–Kigali zitatoka wapi, na kama mabehewa ya abiria yatakuwa na nafasi ya mabunda matatu ya vitenge, au kila kitu kitapangwa kwa ajili ya makontena tu. Mwenye kontena ana wakala wa kumsemea. Mwenye mabunda matatu hana.