Uteuzi wa Mbegu ya Njegere kwa Bustani ya Nyumbani

Njegere ikisha kuchumwa huanza kupoteza utamu wake saa ile ile, kwa kuwa sukari iliyomo ndani ya punje hugeuka wanga kidogo kidogo, na joto huuharakisha mgeuko huo. Hata mnunuzi wa mjini, aliyeletewa gunia lililosafiri usiku kucha chini ya turubai kutoka Lushoto au Limuru, aghalabu hula punje nzuri kwa sura lakini iliyokwisha fifia kwa ladha. Mwenye bustani uani mwake amejaaliwa fadhila asiyoweza kuiuza wala kuinunua, maana kutoka penye mmea mpaka penye chungu pana hatua chache tu. Ndiyo sababu naona si busara mtu huyu aingie dukani akateue mbegu kwa mizani ya mfanyabiashara. Mfanyabiashara hutaka zao liivalo kwa pamoja na kustahimili safari. Mwenye nyumba haja yake ni utamu, na mavuno ya kiasi cha sufuria moja leo, na nyingine kesho kutwa, na nyingine wiki ijayo.

Lakini kabla ya utamu hutangulia hewa. Njegere ni mmea wa baridi, nao hustawi vizuri katika joto la kiasi cha nyuzi 13 hadi 18 za sentigredi. Joto likipita nyuzi 27 hivi, maua hupukutika na maganda hutoka machache yenye punje haba. Kwa hiyo wakaao Lushoto, kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na Njombe, na Limuru, na Kabale, na miteremko ya Kilimanjaro, wana ruhusa kamili ya kuipanda. Wakaao Tanga, Mombasa na Unguja hawana ruhusa hiyo, nao nitawarudia, kwa sababu hawakunyimwa, bali wamegawiwa riziki nyingine.

Ikisha kukubali hewa, mtu na azitie mbegu kiganjani azitazame. Ziko mbegu laini za mviringo, na ziko zilizojaa makunyanzi. Wanunuzi wengi huzidhania hizi za pili kuwa zimezeeka ghalani au zimeliwa na wadudu, wakaziacha, kumbe ndizo tamu. Tofauti hii ni mashuhuri katika historia ya elimu. Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, alipanda njegere katika bustani ya monasteri yake tangu mwaka 1856 hata 1863, na katika jaribio moja alihesabu mbegu 7,324 za kizazi cha pili, akaona kuwa 5,474 ni za mviringo na 1,850 ni za makunyanzi. Kutokana na hesabu za namna hiyo alitoa, mwaka 1866, kanuni za urithi ambazo wanavyuoni wa dunia walichelewa mno kuzithamini. Sababu yenyewe ya makunyanzi ilibainishwa na wataalamu wa Uingereza mwaka 1990: mbegu hizo zina upungufu wa kimeng'enya kimoja kinachosaidia kuunda wanga, basi sukari hubaki nyingi, sukari huvuta maji, punje mbichi ikavimba, na inapokauka ngozi huwa pana kuliko kilichobaki ndani, ikajikunja. Makunyanzi hayo, kwa hakika, ni ushahidi wa utamu. Mbegu laini nazo zina mahali pake, maana huvumilia zaidi udongo wa baridi ulioloa, na punje zake zikikaushwa hufaa kwa mchuzi mzito. Ila kwa atakaye kula njegere mbichi siku ya kuchumwa, simshauri aanze na hizo.

Jambo la pili ni kimo, na hapa ndipo wapandaji wa nyumbani wanapodhulumika zaidi. Aina fupi, zisizovuka magoti, husifiwa kwa kuwa hazihitaji fito na huwahi kuzaa. Sifa hizo ni za kweli, lakini huzaa kwa mkupuo mmoja kisha hukoma, kwani nyingi zilizalishwa kwa ajili ya mashamba makubwa yavunwayo kwa mashine siku moja. Aina ndefu, kama ile ya zamani iitwayo Alderman, hupanda hata kufikia mita moja na nusu au zaidi, na mtu akizichuma mara kwa mara huendelea kutoa maua na maganda kwa majuma kadhaa. Mwenye kiwanja chembamba hana ardhi ya kutawanya, bali ana anga tele juu ya tuta lake, na kazi ya kusimika fito siku ya kupanda ni ndogo mno ikilinganishwa na neema hiyo.

Penye watoto wengi na wamenyaji wachache, zipandwe njegere za kuliwa pamoja na ganda. Kongwe miongoni mwake ni zile bapa, zichumwazo kabla punje hazijavimba. Mpya zaidi ni zenye ganda nene, zilizozalishwa na Calvin Lamborn huko Idaho, Marekani, na kutunukiwa nishani mwaka 1979, ambazo punje hujaa na ganda hubaki laini na tamu. Watoto huzila zikiwa zingali kwenye mmea, wala wasikemewe.

Sasa niwageukie watu wa pwani. Riziki yao ni mbaazi, na kipimo cha uteuzi ni kile kile. Mbaazi mbichi, iliyochumwa ganda likiwa bado la kijani, ikamenywa na kupikwa kwa nazi asubuhi ile ile, ina ladha ambayo mbaazi kavu ya dukani haiwezi kuifikia. Aina za muda mfupi, kama Komboa ya Tanzania, hazingoji majira na huvunwa mapema, nazo zamfaa mwenye haraka. Mimi nazipenda zaidi zile ndefu za kienyeji, ambazo huko Lindi na Mtwara hungoja siku zifupike na kipupwe kikaribie ndipo zitoe maua. Mizizi yake huzama chini sana ikatafuta maji mahali ambapo mboga nyingine zimekwisha nyauka, na mti mmoja ukipunguzwa matawi baada ya mavuno waweza kuzaa tena mwaka wa pili, ukawa ua na kuni pia.

Hadhari yake ni ugonjwa wa mnyauko, ambao kuvu wake hukaa udongoni miaka mingi. Ambaye miti yake imewahi kukauka ghafla ikiwa imebeba maua, asirudishe mbegu ile ile mahali pale. Atafute aina istahimiliyo, mathalan ile iitwayo Mali, iliyoidhinishwa Tanzania, na tuta la zamani alipe mahindi kwa misimu kadhaa.