Athena, Mungu wa Vita Aliyezuia Upanga

Wagiriki wa kale walikuwa na miungu wawili wa vita, na mtu aliyekabidhiwa silaha yafaa aijue tofauti yao. Wa kwanza, Ares, alipenda vita kwa ajili ya vita: damu, makelele na vumbi. Wa pili alikuwa mwanamke, Athena, ambaye Wagiriki hao hao walimwita pia mungu wa hekima.

Husimuliwa kwamba alitoka katika kichwa cha baba yake Zeus, mkuu wa miungu, kilipopasuliwa kwa shoka, naye akiwa mtu mzima mwenye silaha kamili. Ndege wake alikuwa bundi. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali. Wenyeji wa Athens walimpiga chapa katika sarafu zao za fedha.

Utenzi wa Homer uitwao Iliad, unaosimulia vita vya Troy, wafungua kwa ugomvi kambini. Jemadari mkuu Agamemnon atangaza mbele ya jeshi lote kwamba atamnyang'anya Achilles, shujaa wa kwanza wa Wagiriki, mateka wake Briseis. Achilles ashika kipini, na upanga umekwisha kuanza kutoka alani. Hapo Athena asimama nyuma yake na kumkamata nywele. Hakuna mwingine amwonaye. Hamwambii kwamba mkubwa wake ana haki, wala hamkatazi kukasirika. Amruhusu hata kumtukana Agamemnon apendavyo. Upanga tu ndio urudi. Na Achilles, aliyewazidi wote kwa nguvu na kwa hasira, akaurudisha.

Msomaji asidhani kwamba huo ulikuwa woga. Katika vita hivyo hivyo Athena alipanda gari la Diomedes, akauelekeza mkuki wake hata ukamjeruhi Ares mwenyewe. Ares akakimbilia kwa Zeus akilalamika, akaambulia karipio.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya sheria. Katika mchezo wa Aeschylus ulioonyeshwa mwaka 458 K.K., Orestes, aliyemwua mama yake ili kulipa kisasi cha baba yake, anakimbia huku akiandamwa na Erinyes, miungu wa kisasi. Athena hakuamua peke yake. Badala yake aliteua raia wawe waamuzi, akasikiliza pande zote mbili, kisha akaagiza kura zipigwe. Yeye mwenyewe alimpigia mshtakiwa, kwa sababu ambayo kwangu mimi ni dhaifu: kwamba hakuna mama aliyemzaa. Kura zikalingana, na kwa kanuni aliyokwisha kuitangaza, Orestes akaachiliwa. Erinyes walipotishia kuiangamiza nchi, hakuwafukuza. Alisema nao kwa upole mpaka wakakubali makao ya heshima katika mji ule.

Baraza hilo lilikaa juu ya kilima kilichoitwa kwa jina la Ares. Hata leo mahakama ya juu kabisa ya Ugiriki kwa mashauri ya madai na ya jinai huitwa Areios Pagos, yaani Kilima cha Ares.