Kofia yenye masikio



Mwaka 2023 niliteremka Kanombe, pale uwanja wa ndege wa Kigali, kumsindikiza dada yangu mkubwa aliyekuwa anakwenda Kanada. Jua lilikuwa kali, lakini yeye amevaa boshori la sufu lenye mistari myekundu, alilolinunua kwenye caguwa, ameivuta kofia hiyo hadi masikioni. Sisi tukamcheka. Akasema, "Chekeni tu. Huko niendako mtasema nilikuwa na akili." Sikujua kama siku moja kofia ya baridi itanisaidia kufundisha.

Picha iliyotuletea ubishi

Hivi karibuni nilipata kopi ya picha ya zamani. Chini yake pameandikwa: "Wakimbizi wa Poland, Tengeru, Tanganyika." Nikaipeleka darasani, maana watoto wetu wengi wanafikiri ukimbizi ulianza na sisi, na kwamba Mzungu hawezi kuwa mkimbizi.

Kwenye picha kuna akina mama watatu, mtoto wa kiume na mwanajeshi mmoja. Akina mama wamejifunika shali nzito za sufu, zimezunguka kichwa na shingo na kufungwa kifuani. Mtoto amevaa kofia kubwa ya manyoya yenye vipande viwili vinavyoning'inia huku na huku. Ardhi ni nyeupe, lakini kwenye kopi mbaya kila kitu ni cheupe.

"Mwalimu, huyu amebeba mbuzi kichwani!" mmoja akasema, darasa zima likacheka. Halafu msichana mmoja wa nyuma akauliza: "Tengeru si iko Arusha? Arusha wanavaa hivyo?"

Nikakwama. Mwingine akajibu kwamba Tengeru iko chini ya mlima Meru, kwa hiyo kuna baridi. Mwingine akasema ule weupe ni mchanga. Basi tukaamua kuichunguza ile picha kwa kofia zake.

Wapolandi walifikaje Tanganyika?

Kwanza niliwasimulia historia. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Ujerumani na Umoja wa Kisovieti waligawana nchi ya Poland. Kuanzia Februari 1940, Wasovieti walichukua familia nyingi za mashariki mwa Poland, wakazipakia kwenye treni za mizigo na kuzipeleka Siberia na Kazakhstan kufanya kazi ngumu. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na magonjwa.

Mwaka 1941 Ujerumani iliwashambulia Wasovieti, na Wapolandi wakaachiliwa. Mwaka 1942 maelfu yao walivuka Bahari ya Kaspi wakashuka Iran, kwenye bandari iliyoitwa Pahlevi. Kutoka huko, akina mama, watoto na wazee wengi waliletwa Afrika kwa meli. Wengine walipelekwa Masindi na Koja, Uganda. Kambi ya Tengeru ndiyo ilikuwa kubwa, yenye watu karibu 5,000. Walijenga shule, kanisa na hospitali, wakalima. Makaburi yao yako pale mpaka leo.

Kofia moja moja

Ile ya mtoto inaitwa ushanka. Ni jina la Kirusi, na Wapolandi nao wanasema karibu vilevile. Linatokana na neno masikio. Baridi ikiwa ndogo, vile vipande unavipandisha na kuvifunga juu ya kichwa. Baridi ikizidi, unavishusha na kuvifunga chini ya kidevu, kwa sababu masikio huganda upesi. Mtoto wa kwenye picha amevishusha na kuvifunga kabisa. Hiyo siyo baridi ya Meru!

Mwanajeshi naye amevaa ushanka. Zamani askari wa Kisovieti walivaa kofia ya kitambaa yenye ncha juu. Vita vyao na Finland katika majira ya baridi ya 1939 na 1940 vilionyesha kwamba haitoshi, na mwaka 1940 ushanka ikaanza kuchukua nafasi yake. Hilo peke yake halithibitishi mwaka wa picha, lakini linaelekea upande mmoja na mengine.

Na kule Tengeru walivaa nini? Picha nyingi za kambi ile zinaonyesha watoto na nguo nyepesi, na wengine wamevaa chepeo, ile kofia ngumu ya kukinga jua. Wazungu wa siku zile waliliogopa sana jua la Afrika.

Kuna jambo jingine. Walipofika Pahlevi walikuwa na chawa na homa ya tifasi. Watu walinyolewa nywele na nguo zao nyingi zikachomwa moto. Kwa hiyo kofia kama hii ilikuwa na nafasi ndogo sana ya kufika Arusha.

Darasa likatoa hukumu: inaelekea watu hawa ni wakimbizi wa Poland kweli, lakini picha ilipigwa kabla ya Tengeru, huko kwenye theluji, kati ya 1940 na mwanzo wa 1942. Tukafuta maandishi ya chini na kuandika mapya. Yule msichana wa nyuma ndiye aliyeshika kalamu.

Jina la yule mtoto hatukulipata. Hapo darasa likanyamaza. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo hata mama yake hajulikani?"

Kofia zilirudi

Mwaka 1949 kundi la watoto yatima zaidi ya mia moja lilitoka Tengeru na kupelekwa Kanada. Waliacha machepeo, wakarudia kofia za sufu. Niliposoma hayo nilimkumbuka dada.

Desemba ile aliyoondoka, alitutumia picha kwenye simu. Theluji mpaka magotini, koti kubwa, uso umefunikwa, macho tu yanaonekana. Bibi akaitazama sana, akauliza, "Huyu ni nani?" Halafu akaona ile mistari myekundu ya boshori. Akalia. "Ni yeye. Ni ile kofia mliyoicheka."

Wazazi, nawaomba jambo moja mwezi huu. Toeni picha mlizo nazo nyumbani, hata kama ni moja. Nyuma yake andikeni kwa kalamu: ni nani, ni wapi, ni mwaka gani. Kama ni picha ya simu, mtoto aiandike kwenye daftari. Msiseme "sisi tunawajua." Sisi tunawajua leo. Wajukuu wetu watabaki na kofia tu.

Asiyejua kuandika aje darasani jioni, wanafunzi wangu watamwandikia.